Natron: Wakala wa Bagamoyo auze safari, asikope gari

Mali bila daftari huisha bila habari. Methali hiyo inawahusu mawakala wadogo wa utalii wa Bagamoyo na pwani ya kaskazini mwa Dar es Salaam wanaotamani kuongeza Ziwa Natron katika safari wanazouza. Bidhaa hiyo ina wateja. Hatari iko kwenye gari la mkopo.

Ziwa hilo la magadi liko mkoani Arusha, jirani na mpaka wa Kenya, karibu na Ol Doinyo Lengai, mlima wa volkano ulioripuka kwa kishindo mwaka 2007 na 2008. Takriban robo tatu ya heroe wadogo wote duniani, aina mojawapo ya flamingo, huzaliwa hapo. Hicho ndicho kinachouza safari.

Tatizo ni umbali. Lami ya Bagamoyo hadi Msata, kilomita 64, imemwondolea msafiri mzunguko wa Chalinze, lakini Arusha bado iko zaidi ya kilomita 500. Kutoka Arusha lami inafika Mto wa Mbu. Kuanzia hapo hadi kijiji cha Engare Sero ni zaidi ya kilomita 100, sehemu kubwa ikiwa vumbi, mawe na makorongo yanayopitisha maji wakati wa mvua. Gari dogo halifai.

Kwa gari linalotoka pwani, siku ya kwanza ni Arusha, ya pili Engare Sero, ya tatu ziwani, ya nne na ya tano ni kurudi. Katika siku 5, barabara imekula 4. Tuseme gari linagharimu dola 200 kwa siku pamoja na mafuta na dereva: jumla ni dola 1,000. Wakija abiria 5, kila mmoja anabeba dola 200. Wakija 2, ni dola 500 kila mmoja, na mteja atakimbia au wakala atakula mtaji. Marejesho ya benki hayasubiri msimu.

Wakala huyo huyo akinunua huduma kwa kampuni ya Arusha, gari linalipiwa siku 3 tu, yaani dola 600 kwa kiwango kile kile. Mteja anakwenda Arusha kwa basi au ndege kwa nauli ya kiti chake, na wakala anabaki na kamisheni bila deni.

Hata hivyo, bei iandikwe yote kabla ya kupokea malipo ya awali. Natron si hifadhi ya taifa, lakini njiani kuna mageti yanayotoza ada, na risiti moja haitoshi kila geti. Tangu Julai 2016 huduma za utalii zinatozwa VAT ya asilimia 18: kwa aliyesajiliwa, katika kila dola 1,180 anazopokea, 180 si zake. Leseni ya biashara ya utalii nayo si ya hiari.

Jambo jingine ni ahadi. Heroe hutaga katikati ya ziwa, mbali na ufuko, tena si kila mwaka. Mkataba useme wazi kwamba mteja ananunua safari, si idadi ya ndege. Wakala asiyeandika hivyo atarudisha fedha alizokwisha kuzitumia.

Faida ya Bagamoyo iko kwenye kipande kisichohitaji siku 4 za barabara: magofu ya Kaole, Mji Mkongwe, na Saadani, hifadhi ya taifa inayopakana na bahari. Mteja aliyetoka kwenye joto na vumbi la Natron anahitaji mahali pa kupumzika. Hapo wakala wa pwani yuko kwake, na anapanga bei mwenyewe.

Misafara iliyotoka Bagamoyo na Pangani karne ya 19 ilihesabu vitambaa, shanga na wapagazi kabla ya kuondoka. Anayetaka kuuza Natron leo aanze na daftari. Gari litafuata, wateja wakishathibitika.