Hesabu ya Watoto na Hesabu ya Madarasa

Mtoto haji shuleni kama mvua isiyotazamiwa. Huzaliwa, akaandikwa katika daftari la vizazi, na miaka kama 6 hupita kabla hajaingia darasa la kwanza. Tangu hapo hadi mlango wa chuo kikuu ipo miaka mingine 12. Basi serikali iliyopewa taarifa miaka 18 mbele, kisha ikadai kushtukizwa na wingi wa wanafunzi, haina udhuru.

Na tuitazame historia yetu Kenya. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, ajuaye kuhesabu vidole angaliweza kuona kwamba mwaka 1990 vyuo vikuu vingepokea mafungu mawili kwa pamoja: waliomaliza kidato cha sita cha zamani, na waliomaliza kidato cha nne kipya. Tena wapya hao walipangiwa kusoma miaka 4 badala ya 3. Mwaka ulipofika, mabweni na kumbi za masomo zilifurika.

Mwaka 2003 karo ya shule za msingi za serikali iliondolewa, na watoto zaidi ya milioni 1 wakamiminika madarasani. Lilikuwa tendo jema lisilo na shaka. Lakini aliyeingia darasa la kwanza mwaka huo alitazamiwa kubisha hodi shule ya sekondari mwaka 2011, na chuo kikuu mwaka 2015. Shangwe ilitangulia, matofali yakafuata nyuma yakichechemea.

Desemba 2022 ilitangazwa kwamba gredi ya 7 itasomea katika shule za msingi. Mwezi uliofuata wanafunzi walikwisha kuketi humo, na shule nyingi hazikuwa na maabara. Je, sayansi yaweza kujifunzwa kwa kutazama michoro ya ubaoni tu?

Yuko atakayesema kwamba fedha ni chache. Ni kweli, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kupanga mapema, kwa maana mwenye kidogo akijenga kwa haraka hujenga mara mbili. Mwingine atauliza kama ingekuwa heri watoto wangojee nyumbani. Hasha! Mlango usifungwe, bali chumba kitengenezwe kabla ya kufika mgeni aliyekwisha kutuma salamu.

Yapasa serikali itangaze kila mwaka hesabu mbili katika ukurasa mmoja: watoto watakaofika, na madarasa, maabara na walimu watakaowapokea. Pengo baina yake liulizwe Bungeni kabla halijawa msongamano.

Walioanza gredi ya 7 mwaka 2023 watatazamiwa vyuoni mwaka 2029. Idadi yao imo vitabuni. Nanyi vijana mnaofundishwa kujumlisha na kutoa, mna haki ya kuwauliza wakubwa wenu jibu la hesabu hiyo rahisi. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.