Nyumbani ni Bora, Lakini Nyumbani Gani?

Muulize mjumbe wa kamati ya msikiti, uwe London au Toronto, kwa nini akina mama hawaonekani. Jibu analo mdomoni: “Wanawake wetu hawapendi msikiti. Kwao wamezoea kusali nyumbani, na nyumbani ni bora.” Hulisema kwa upole, kama anayetutetea.

Mimi mzaliwa wa Mombasa, na nusu ya maneno hayo nayakubali. Bibi yangu aliishi hatua chache kutoka msikitini, adhana ikimwamsha kila alfajiri, na sidhani alikanyaga ndani hata siku moja. Hadithi ya ubora wa nyumbani nayo ipo, siikatai. Lakini nyumbani kwa bibi palikuwa na ua, na majirani wanaoingia huku wakibisha hodi. Palisomwa hitima na maulidi ya wanawake, watoto wakisoma chuo ukumbini, na shangazi hakosekani wa kumfunza mwari twahara. Dini ilimfuata bibi mlangoni. Sasa mchukue umpandishe ghorofa ya 8, nje theluji, jirani hata jina hamjui. Ubora ule uko wapi? Huko ughaibuni mtaa wenyewe ni msikiti: ndoa zetu huko, madrasa huko, habari za mwezi muandamo na za msiba huko.

Na hilo la “hawapendi” ni uongo mtupu. Jumamosi asubuhi nani anawasomesha watoto alifu na bee? Ramadhani nani anakesha akikunja sambusa za futari ya watu mia mbili? Akifa mama asiye na jamaa katika nchi ile, nani anapigiwa simu usiku aje amwoshe na kumkafini? Si mjumbe, maana hawezi kumwosha. Wanawake wapo kila mahali, isipokuwa kwenye kikao cha kamati, na huko hawakuitwa.

Ramadhani moja nilisali tarawehe katika msikiti wa Uingereza, jina lake nalisitiri. Mlango wetu ulikuwa ubavuni, kando ya mapipa ya taka, kisha ngazi za kuteremka hadi chumba cha chini chenye spika moja ukutani. Katikati ya sala spika ikakata. Tukasimama. Tukazidi kusimama. Mmoja akarukuu, mwingine akasujudu, na bibi mmoja wa Kigujarati mbele yangu akageuka kutuuliza kwa macho. Imamu alikuwa kwenye sijda ya kisomo, au alishafika kwenye tahiyatu? Mpaka leo sijui. Tulipolalamika, tuliambiwa watoto wetu wana kelele.

Wako wanaosema tungoje, mambo yatajirekebisha. Marekani, uchunguzi wa misikiti wa mwaka 1994 ulikuta asilimia 52 ikiwasalisha wanawake nyuma ya pazia au katika chumba kingine. Mwaka 2000 ilikuwa asilimia 66. Kungoja kulizaa mapazia.

Sayyidna Umar, mtu wa wivu kama mnavyomjua, hakupenda mkewe Atika atoke kwenda sala ya jamaa. Hakumzuia, kwani Mtume alikwisha kataza wanawake wasizuiwe misikiti. Na huko Fez, anayetajwa na mapokeo kuwa aliujenga msikiti wa al-Qarawiyyin mwaka 859 ni Fatima al-Fihri, ambaye ukoo wake ulihamia kutoka Kairouan. Mhamiaji, tena mwanamke! Leo angeonyeshwa mlango wa mapipa.

Anayeona raha kusali kwake na asali kwake, simburuti mtu. Ila ruhusa ya kubaki nyumbani msiigeuze kuwa amri.

Ndugu zangu wanakamati, Ijumaa ijayo teremkeni wawili watatu mkakae kule chini. Isikilizeni hutuba kwa spika ile ile, kisha mpande mtuambie imamu amesema nini.