Kabla Useme Tembe Haifanyi Kazi

Watu wangu, leo sina kichekesho. Nipeni dakika tatu tu.

Kabla mtu aniulize: hapana, mimi si daktari. Niliacha chuo mwaka wa pili, na hata hiyo kozi ilikuwa ya biashara. Lakini nimekaa hospitalini usiku mzima nikingoja binamu yangu afungue macho, na tangu siku hiyo nimesoma kuhusu tramadoli kuliko nilivyowahi kusomea mtihani wowote.

Jamaa ni wa bodaboda. Mgongo ulikuwa unamsumbua tangu aanguke na pikipiki. Akaingia duka la dawa karibu na steji, akasema anataka kitu kikali kuliko Panadol. Akapewa tramadoli. Hakuna aliyemuuliza karatasi ya daktari. Swali lilikuwa moja tu: "Ngapi?"

Kumbe alikuwa tayari anakunywa fluoksetini, dawa ya sonona, aliyoandikiwa kliniki. Mimi sikujua. Mamake hakujua. Maumivu yalikataa kupungua, akaongeza tembe. Siku ya tatu akaniambia, "Mazee, hizi vitu ni feki." Jioni hiyo akaanza kutokwa na jasho, mikono inatetemeka, hawezi kutulia mahali pamoja. Halafu akaanguka pale sebuleni, mwili umekakamaa na kutikisika, watoto wanamtazama.

Hazikuwa feki. Zilikuwa zinafanya kazi, ila si pale alipotaka yeye.

Iko hivi. Tramadoli ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1977. Ni ya ukoo wa opioidi, pamoja na mofini na kodeini, lakini ni yule mtoto asiyefanana na ndugu zake. Mofini ikiingia mwilini inashika vipokezi vya opioidi kwenye ubongo na uti wa mgongo, na maumivu yanatulia. Tramadoli yenyewe inavishika kidogo sana. Lazima kwanza ipite kwa ini, ambako kimeng'enya kinachoitwa CYP2D6 kinaigeuza kuwa kitu kingine chenye nguvu zaidi. Hicho ndicho kinachofanya kazi kubwa ya opioidi.

Wakati huohuo, ile ambayo haijageuzwa ina kazi yake nyingine. Inazuia serotonini na noradrenalini zisirudishwe ndani ya seli za neva, kwa hivyo zinabaki nyingi nje. Hiyo pia inasaidia kupunguza maumivu. Yaani tembe ni moja, lakini ndani yake ni kama umemeza dawa mbili.

Sasa rudi kwa binamu yangu. Fluoksetini inakizuia kile kimeng'enya, kwa hivyo nguvu ya opioidi haikutoka vizuri na mgongo ukaendelea kuuma. Lakini fluoksetini pia inaongeza serotonini. Kila tembe aliyoongeza akitafuta nafuu ilikuwa inamwaga maji kwenye ndoo iliyojaa. Serotonini ikizidi unapata jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, homa, kuchanganyikiwa. Tramadoli nayo inaweza kuleta mtukutiko wa kifafa, na hatari hiyo inapanda dozi ikizidi au ikichanganywa na dawa za sonona.

Kuna upande wa pili pia. Wengine wamezaliwa na CYP2D6 yenye kasi sana, na majirani zetu wa Ethiopia wenye hali hiyo ni wengi. Kwao dozi ya kawaida inaweza kuwa nzito kupita kiasi, hadi pumzi inapungua. Ndiyo maana mwaka 2017 Marekani ilisema watoto wa chini ya miaka 12 wasipewe kabisa. Mzazi unayekata nusu tembe ukidhani ni dozi ya mtoto, tafadhali acha.

Na hata bila kuchanganya, kuna kichefuchefu, kufunga choo, kizunguzungu na usingizi. Kwa mtu wa boda, kizunguzungu na usingizi si mambo madogo. Hiyo ni ajali inayosubiri abiria.

Najua kuna wenye watasema ipigwe marufuku. Mimi sitaki hivyo. Kuna mtu ametoka kufanyiwa upasuaji leo na hiyo tembe ndiyo itamfanya alale. Kinachonikera ni kuuzwa kama peremende, kwa sababu tu imepewa jina la opioidi "nyepesi". Nyepesi kwa ini la nani?

Lakini wacha niwe mkweli. Hata kama angeulizwa anatumia dawa gani nyingine, angesema? Nani atataja sonona kwenye kaunta na makanga wanne wako nyuma yake kwa foleni? Na nani amewafanya waone aibu? Mimi. Nilikuwa na video ya kuchekesha kuhusu "dawa za wazimu". Ilipata watazamaji wengi. Binamu yangu aliitazama akiwa ameketi kando yangu, akacheka. Hizo tembe zilikuwa mfukoni mwake.

Nimeifuta.

Wauzaji wa dawa, ulizeni. Na mkiuliza, mvute mtu kando kidogo. Wanunuzi, ukishindwa kusema kwa sauti, andika kwenye simu umwonyeshe. Ukiona dawa haifanyi kazi, usiongeze tembe, rudi kwa daktari. Na kama umeshazoea kuimeza kila siku, usiache ghafla, mwili utakusumbua. Omba usaidiwe kupunguza polepole.

Binamu yangu yuko hai. Mgongo bado unauma, lakini sasa anafanya mazoezi aliyoonyeshwa hospitalini. Ameniruhusu niandike haya, bila jina.

Kwa hivyo siku ukiingia duka la dawa na swali pekee ni "ngapi?", toka nje.