Homa ya Usiku na Moyo wa Mama



Mwezi huu tuzungumze juu ya uamuzi ambao wengi wetu huufanya saa nane za usiku, mtoto akiwa anachemka mwili. Saa ile moyo hutangulia na akili hufuata nyuma. Mkono huenda kabatini kwenye vidonge vya malaria vilivyobaki alipougua kaka yake, kimoja kikapondwa kwenye kijiko.

Moyo huo si adui. Katika kazi ya uuguzi nimejifunza kumsikiliza mama anayesema, "Sista, huyu leo si yule mtoto ninayemjua." Hofu yake ni habari. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea hata kuamka ni shida, hangoji kukuche. Hapo baba akisema, "Tusubiri asubuhi, nauli ya usiku ni ghali," usidhani hiyo ndiyo busara. Ubahili nao hujifanya akili. (Akina baba watanisamehe.)

Shida huanza pale hofu inapopewa pia kazi ya kuchagua dawa. Si kila homa ni malaria. Nimonia, maambukizi ya masikio au ya njia ya mkojo, hata mafua, yote huleta joto, na kiganja chako juu ya paji la uso hakiwezi kuyatofautisha. Ndiyo maana mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kutibiwa. Ni tone la damu ya kidoleni na kungoja kama dakika 15 hadi 20. Aliyeponda kidonge amepata usingizi kidogo, lakini kama ilikuwa nimonia, nayo imepata usiku mzima wa kuendelea.

Kisha huja majibu. Mama huambiwa hakuna malaria, naye hakubali: "Niandikie tu, Sista, roho yangu itulie." Mama yangu, dawa ya mtoto haitolewi ili kutuliza roho ya mzazi. Uliza, "Basi ni nini?" Omba wahesabu pumzi zake, waangalie masikio, wapime mkojo. Uliza pia urudi lini, na homa ikiendelea, rudi bila kuona haya.

Furaha nayo hudanganya, tena kuliko hofu. Dawa mseto ni dozi 6 kwa siku 3. Siku ya pili mtoto anacheza uani, mama anashukuru Mungu, na vidonge vilivyobaki vinawekwa "kwa siku nyingine". Malaria iliyotibiwa nusu huweza kurudi.

Mimi huwashauri wenye ndoa waamue mchana, wakati hakuna anayelia. Kaa na baba watoto jioni moja, mwandike kwenye karatasi zile dalili nne za hatari, namba ya dereva wa kuaminika, na jina la jirani atakayebaki na watoto wengine. Tengeni nauli ya kwenda na kurudi, isiguswe hata sukari ikiisha. Nunueni kipimajoto, nyuzi 37.5 au zaidi kwapani ni homa. Kadi ya kliniki iwekwe mahali ambapo hata dada wa kazi anapajua.