Alimletea mkewe waimbaji 858, lakini kachelewa!

Wiki hii kuna jambo limenikaa kooni, na nisipolitoa hapa nitalala nalo tena.

Juzi nilikuwa kwa mshikaji wangu mmoja pale Sinza. Jamaa alisoma Ujerumani, akarudi na boksi zima la santuri za muziki wa Kizungu. Tulikuwa tunasubiri mpira uanze. Akaniambia, "Ngoja nikupigie kitu kimoja, usikimbie." Bwana wee! Kikalia kinanda kikubwa cha kanisani, halafu watu wakalipuka kuimba kwa mpigo mmoja, nikadhani mkutano wa injili umeingia sebuleni. Nilishika glasi isidondoke.

"Hizi ni kwaya ngapi?" nikauliza. Jamaa akacheka, akanipa mkanda mzima.

Kitu chenyewe ni Simfonia ya Nane ya Gustav Mahler, Myahudi aliyezaliwa Bohemia mwaka 1860. Aliitunga kiangazi cha 1906 katika kibanda chake karibu na ziwa huko Austria. Ikapigwa mara ya kwanza mjini Munich, tarehe 12 Septemba 1910. Waimbaji walikuwa 858, wakiwemo watoto 350. Wapiga ala 171. Ongeza na kondakta (si wa daladala, huyu anashika kijiti!) ambaye ni Mahler mwenyewe, unapata watu 1,030 wanaofanya kazi moja. Kwaya nyingine zilitoka Vienna na Leipzig. Promota, Emil Gutmann, akaona hapa pana biashara, akaibandika jina la Simfonia ya Watu Elfu Moja. Mahler hakulipenda, aliona kazi yake inageuzwa sarakasi. Lakini promota ni promota, jina likaganda mpaka leo.

Ilipoisha, umati wa watu zaidi ya 3,000 ulipiga makofi karibu dakika 20. Mambo yake yalikuwa juu.

Sasa sogea karibu, nikuambie kilichoninyima usingizi.

Desemba 1901, kabla ya ndoa, Mahler alimwandikia barua ndefu mchumba wake, Alma. Jamaa ana miaka 41, binti ana 22, mzuri, na yeye mwenyewe anatunga nyimbo. Barua inasema kwa kifupi: mtunzi nyumbani atakuwa mmoja, na mmoja huyo ni mimi. Binti akalia, akakubali. Wakaoana mwaka uliofuata. Nyimbo zake zikaingia kabatini.

Miaka ikapita. Mwaka 1907 wakampoteza binti yao mkubwa, hata miaka 5 hajatimiza. Mzee yeye na kazi, kazi na yeye. Mama kimya. Halafu kiangazi cha 1910, ikiwa zimebaki wiki chache tu onyesho la Munich lifanyike, ikafika barua ya mapenzi. Ilitoka kwa kijana mmoja msanifu wa majengo, Walter Gropius, ikienda kwa Alma. Lakini juu ya bahasha kaandika jina la mume! Mahler akaifungua.

Wewe fikiria mwenyewe.

Jamaa akachanganyikiwa. Alisafiri mpaka Uholanzi kumwona Sigmund Freud, yule bingwa wa mambo ya nafsi. Pia akazitoa zile nyimbo za mkewe kabatini, akaona kumbe ni nzuri. Akahimiza 5 zichapishwe mwaka uleule. Na ile simfonia kubwa akaiandika jina la Alma, kuwa ni zawadi yake. Miaka tisa ya kumnyamazisha, halafu unamlipa kwa waimbaji 858!

Nusu ya pili ya simfonia hiyo imetoka katika Faust ya Goethe. Mwanaume kaharibu maisha ya msichana wa watu, na mwishoni ni roho ya msichana huyohuyo inayomwombea apokelewe mbinguni. Mahler alitunga hayo miaka minne kabla ya bahasha ile. Ndiyo maana nasema mtu anaweza kuimba ukweli bila kuusikia.

Muda wa kurekebisha hakuupata. Mei 1911 akafariki, miezi minane tu baada ya Munich. Alma akaja kuolewa na Gropius mwaka 1915. Nyimbo za mama huyo zilizobaki leo hazifiki 20.

Muziki wenyewe ukaendelea na safari. Leopold Stokowski, aliyekuwepo Munich siku ile, aliupeleka Marekani mwaka 1916, akaupiga Philadelphia kwa watu zaidi ya 1,000. Wanazi walipoingia madarakani mwaka 1933 wakampiga Mahler marufuku kwa Uyahudi wake. Miaka ya 1960 akina Leonard Bernstein wakamrudisha kwa kishindo, na hadi leo ukisikia simfonia hiyo inapigwa mji fulani ujue mji huo umejipanga.

Sasa mimi nahusikaje? Mama watoto wangu alikuwa anaimba sauti ya kwanza kwaya ya kanisani. Sauti ile ndiyo iliyoniponza, nisifiche. Tulipooana nikaanza: mazoezi Jumanne, mazoezi Alhamisi, chakula saa ngapi? Sikumkataza, nilinuna tu. Akaacha mwenyewe. Mwaka wa tatu huu, hata akiosha vyombo haimbi.

Nilipotoka Sinza nikamwambia, "Jumanne nenda mazoezi, nabaki na mtoto."

Akaniangalia kama nimesema nimenunua ndege. "Na atapika nani?"

"Mimi."

"Sauti yenyewe imeshaota kutu, baba."

Jumanne akaenda. Ugali wangu ulikuwa na mabuja, mtoto alilia saa nzima. Mama karudi saa tatu usiku, kala ule ugali bila kusema neno. Lakini wakati anafunga madirisha nikasikia anaimba, taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu cha zamani.

Mimi sina waimbaji 858. Nina Jumanne na Alhamisi tu. Nawe kijana mwenzangu, angalia kabati la nyumbani kwako kuna nini, kabla posta haijaleta bahasha.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.