Tuirudishie Fimbo Heshima Yake

Mwulize mtoto yeyote wa darasa la tatu fimbo ni ya nini. Atakujibu upesi: ya kupigia. Wala hakukosea, maana ndiyo kazi pekee aliyoonyeshwa. Nyumbani imechomekwa darini ikimngoja, shuleni imelala juu ya meza ya mwalimu, na jioni akienda chuo cha Qurani anaikuta nyingine. Makosa ni yetu sisi wakubwa, tuliorithi chombo chenye kazi nyingi tukakibakizia moja, tena iliyo duni kuliko zote.

Ijumaa, katika misikiti mingi ya pwani yetu, khatibu hapandi mimbari mikono mitupu. Hushika fimbo, akasimama nayo mpaka amalize hotuba. Sijapata kusikia mtu wa safu ya mbele aliyeinamisha kichwa kwa kuogopa kupigwa. Askofu naye huingia kanisani na fimbo yake ya kichungaji, na waumini husimama kwa heshima, hawakimbii. Qurani, katika Sura Taha, inasimulia jinsi Nabii Musa alivyoulizwa na Mola wake juu ya kile alichokishika. Akajibu kuwa ni fimbo yake: huiegemea, huwaangushia kondoo wake majani, tena ana haja nyingine nayo. Kupiga watu hakukutaja. Baadaye aliipiga bahari ikapasuka, akalipiga jabali likatoa maji. Mtu ambaye Musa alimpiga kule Misri, alimpiga ngumi, kabla ya habari za fimbo, na akatubu kwa alilolifanya. Wanaopenda kuitetea bakora kwa jina la dini wangeanzia hapo.

Najua nitaambiwa kwamba hiyo ni dini, na kwamba mila ni jambo jingine. Basi twende Lamu wakati wa Maulidi. Huko huchezwa kirumbizi. Ngoma zinapigwa, zumari linalia, watu wamezunguka uwanja, wawili wanaingia kati kila mmoja na fimbo yake. Huyu anatupa, yule anakinga. Mgeni hudhani ni ugomvi. Mwenyeji anatazama macho na miguu, kwa kuwa sifa ya mchezaji ni wepesi wa kukinga na adabu ya kujizuia; anayepiga kwa hasira amejiaibisha mbele ya mji mzima, na watu hawatamsahau upesi. Ni mafunzo makubwa hayo. Kijana anapewa silaha mkononi, mbele ya wazee, na ngoma juu yake ya kumpandisha mori, kisha anatakiwa ajitawale. Ni darasa gani letu la leo linalofundisha hivyo? Hapo hapo Lamu kuna goma, wanaume wamejipanga safu na kanzu zao, bakora mkononi, wakienda polepole kwa madaha. Ng'ambo ya bahari, Oman na nchi za Falme za Kiarabu, wanayo ayala yao: safu mbili zinazokabiliana, kila mtu na ufito mwembamba wa mwanzi, na mwaka 2014 UNESCO iliitia katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Wamisri wakaifuata 2016 na tahtib yao, ambayo nayo ni mchezo wa fimbo. Sisi tunao wetu, na watoto wetu wengi wa Dar es Salaam na Nairobi hawajausikia hata kwa jina.

Makunduchi, kusini ya Unguja, wana sherehe ya Mwaka Kogwa. Kila Julai wanaume wa pande mbili hushikana kwa kupigana, na silaha siku hizi ni mashina ya migomba, huku wanawake wakiimba. Vinyongo vya mwaka mzima vinamalizwa pale. Nawaachia wenyewe Makunduchi waeleze zaidi. Mimi ninachokiona ni kwamba hata pale ambapo mila iliruhusu watu wapigane, iliweka siku, ikaweka mahali, ikawapanga watu wa rika moja. Haikumpambanisha mtu mzima na mtoto wa miaka minane.

Basi hii bidii yetu ya kuchapa imetoka wapi? Sitasema kwamba zamani tulikuwa malaika. Mwenye watumwa alikuwa na mjeledi, na mwalimu wa chuo alikuwa na henzerani yake. Lakini kuchapa kwa hesabu, kwa amri ya ofisi, mtu amelazwa chini mbele ya wenzake, hilo lilienezwa na serikali za kikoloni. Mjerumani, alipoitawala Tanganyika, aliweka viboko ishirini na vitano kwa safari moja, na watu wakaviita hamsa ishirini. Kanuni yake ya 1896 iliwaepusha Waarabu na Wahindi. Aliyelazwa chini ni Mwafrika. Kongo nako, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi alipotaka kuonyesha utawala wa Kibelgiji katika picha moja, alichora mfungwa anayechapwa. Leo mtu anachapa mwanawe kwa hesabu kama ya bomani, halafu anatuambia analinda mila ya babu zake! Babu zake ndio waliolazwa chini.

Uhuru ulipokuja hatukuuacha mchezo huo mara moja. Mwalimu Nyerere alijulikana kwa kifimbo chake, na watu walikitungia habari za kila namna, lakini sijapata kusikia kwamba kilimgusa mtu. Hata hivyo, serikali yake hiyo hiyo ilipitisha sheria ya adhabu za chini ya mwaka 1963: viboko ishirini na vinne kwa wala rushwa na wezi, kumi na viwili siku ya kuingia gerezani na kumi na viwili siku ya kutoka. Rushwa, kama unavyoona, ingalipo. Kwangu mimi, kifimbo kile kisichopiga kilikuwa na nguvu kuliko viboko vyote ishirini na vinne.

Wakenya nao wana kisa chao. Rais Moi hakuachana na rungu lake kwa miaka yote ishirini na minne ya utawala. Alipozikwa Kabarak, Februari 2020, rungu lilikabidhiwa mwanawe Gideon hadharani. Uchaguzi wa 2022 ulipofika, Gideon alishindwa kiti cha useneta hapo hapo Baringo, nyumbani kwao. Watu walikuwa wakimheshimu aliyelishika, si rungu lenyewe. Mzazi anayedhani heshima yake iko kwenye ufito uliochomekwa darini na alitafakari hilo.

Yuko atakayenitolea methali, kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Kweli kabisa. Methali ilitaja nyoka, haikutaja mtoto.

Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na Katiba ya 2010 ikamkinga kila mtu na adhabu ya kupigwa. Bado vinapigwa, kwa siri na kwa kujificha. Tanzania Bara kanuni bado zinaruhusu: viboko visizidi vinne, kwa kosa kubwa, kwa mkono wa mwalimu mkuu au aliyempa idhini kwa maandishi, na kila mara viandikwe kitabuni. Mzazi aliye na mtoto shuleni anajua kama hayo ndiyo yanayofanyika.

Ninachoomba si kwamba fimbo itupwe. Wazee wa Lamu na Mombasa, fundisheni kirumbizi mitaani na shuleni, wala msingoje Maulidi. Maofisa wa michezo, mpira wa magongo uliwahi kuipeleka Kenya nafasi ya sita katika Olimpiki ya Tokyo 1964, na Avtar Singh Sohal akacheza Olimpiki nne. Leo ni shule ngapi za serikali zenye magongo? Ninyi wazazi, mtoto akikosa kaeni naye chini mseme naye, ingawa kusema kunachosha kuliko kuchapa. Na wewe mwalimu mkuu wa Bara unayesoma haya, kanuni imekuruhusu viboko vinne, haikukulazimisha hata kimoja. Jumatatu waite walimu wako, uwaambie kuwa idhini uliyowapa umeifuta.