Daftari la Wiki: Wawili kwa Mmoja

Jumatatu

Baridi ya Julai imekaza. Asubuhi hapa Mpitimbi moshi wa majiko hauinuki, unatambaa juu ya mapaa kama nao unatafuta joto. Mahindi mengi yameshatoka shambani, nyua zimejaa magunzi, na wenye shida ya haraka wameanza kuuza. Haya ndiyo majira yetu ya mpira. Toka Novemba hadi Aprili mvua na palizi havimwachii kijana nafasi, lakini mavuno yakiisha miguu inakuwa huru, na mwenye gunia la kuuza anaweza kuchangia jezi.

Kijiweni pale mashineni linazungumzwa jambo moja tu, usajili. Si ule wa Simba na Yanga, ingawa dirisha lao liko wazi na simu za vijana hazitulii. Ni wetu. Timu ya kijiji cha jirani ina kiungo wa miaka 17 anayetumia mguu wa kushoto. Nilimwona mwaka jana. Kabla mpira haujamfikia ameshageuza kichwa mara mbili, kwa hiyo ukimfika anajua pa kuupeleka. Vijana wa aina hiyo ni wachache hata kwenye timu zenye basi na daktari.

Wenzetu wako tayari kumwachia. Wanachotaka ni makinda wetu wawili, beki wa kulia wa miaka 15 na mshambuliaji wa miaka 14. Wawili kwa mmoja.

Jumanne

Leo nimekaa mashineni toka saa nane mchana mpaka giza. Nimesikiliza.

Mwalimu wa timu anamtaka kiungo yule bila kuficha. Mwaka jana tulitolewa nusu fainali kwa sababu katikati palikuwa wazi, kila mpira uliopigwa na beki wetu ulirudi kwake. "Beki naweza kumtengeneza," alisema. "Mtu wa kuona pasi hatengenezwi, anazaliwa." Waendesha bodaboda wote wako upande wake. Wanataka kombe la mwaka huu, na wana haki ya kulitaka, maana wao ndio wanaobeba timu kwenda ugenini kwa mafuta yao.

Kisha akasema mzee mmoja aliyewahi kulima kahawa Mbinga kabla ya kuhamia huku. Aliwakumbusha magoma. Asiyeyajua na ajue: mkulima akibanwa na ada ya shule au ugonjwa, huchukua fedha za mtu kahawa ikiwa ingali mtini, na bei hupangwa siku ile ya shida. Mavuno yakifika, kahawa ni ya mwingine. "Mtoto wa miaka 14 ni kahawa ya mtini," mzee alisema. "Nyie mnataka kumtoa kwa magoma."

Kijana mmoja alimjibu kwa heshima: "Shikamoo yako ibaki palepale, mzee wangu, lakini kahawa ya mtini nyingine hupukutika. Kiungo yule tunamwona kwa macho."

Na hapo ndipo penye ugumu wa hesabu yenyewe. Makinda wengi hawafiki. Wengine huvunjika, wengine huacha mpira kwa ajili ya shamba au maisha tu, na kuna wanaokuwa warefu ghafla hata miguu ikasahau ilichokijua. Anayetoa kinda anatoa kitu ambacho pengine kisingekuwa chochote. Anayempokea anapokea kitu ambacho pengine kitakuwa Mbwana Samatta. Kwa kuwa hakuna anayejua, kila mmoja hupanga bei kwa hofu yake.

Mimi naona hivi. Kwa mpira peke yake, mwalimu ana haki. Kiungo yule ni bora kuliko makinda wetu wote wawili wakijumlishwa, na pengine atabaki bora. Ila bei ndiyo mbaya. Mtoto wa darasa la saba hawezi kuwa fedha.

Jumatano

Mpwa wangu anayesoma Dar es Salaam amenipigia simu kunisimulia besiboli. Sikujua kama tunayo. Kumbe pale Sekondari ya Azania kuna uwanja wake, uliofunguliwa mwaka 2018 kwa msaada wa Wajapani, na vijana wa Kitanzania wanashika gongo na glovu kama kawaida.

Nikamwuliza kuhusu usajili wao, maana kichwani sina jingine wiki hii. Akanieleza desturi ya Marekani. Kule klabu hubadilishana watu waziwazi: nipe huyu aliyekomaa, nami nikupe makinda wawili, watatu, hata wanne walio kwenye timu zangu za chini. Mashabiki wanawajua makinda hao kwa majina na hesabu zao hata kabla hawajacheza mchezo mmoja mkubwa, na hubishana wiki nzima kama mlinzi mmoja wa uwanja wa ndani, yule anayesimama katikati ya vituo kuudaka mpira unaotambaa chini, anastahili kutolewa makinda wote hao. Nikacheka kwa furaha. Mashineni kwetu na kwao ni mjadala uleule.

Kisa kimoja alichonipa sikuweza kukiacha. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikulia kwenye chumba cha jengo la klabu ya besiboli huko Randburg, ambako mama yake alikuwa akifanya kazi. Mwaka 2008 akasajiliwa na Pittsburgh Pirates. Alikaa kwenye timu za chini karibu miaka tisa. Tarehe 26 Aprili 2017 akaingia uwanjani, Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa barani humu kucheza ligi yao kuu, na mara yake ya kwanza kushika gongo akaupiga mpira uliomfikisha kituo cha kwanza. Alikuwa mlinzi wa uwanja wa ndani.

Novemba ya mwaka huohuo Pirates wakampeleka Toronto Blue Jays. Kwa malipo gani? Fedha, au mchezaji atakayetajwa baadaye. Ndivyo mikataba yao inavyoandikwa. Miaka tisa ya kusubiri, mama aliyefagia jengo lile, siku ile moja ya Aprili, vyote vikapimwa na mtu ambaye hata jina hakuwa nalo bado.

Nimelala na maneno hayo. Mchezaji atakayetajwa baadaye.

Alhamisi

Bei ya mahindi imepanda kidogo, debe kwa debe, na watu wanasubiri Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula aanze kununua. Barabara ya Likuyufusi kwenda Mkenda imejaa vumbi na malori. Hayo yatoshe.

Jioni kwenye kibanda umiza watu walizuka tena na habari ya Feisal Salum. Huku kwetu mjadala wa Fei Toto haufi, na naelewa kwa nini. Ni kisa cha kiungo kijana, na ndani yake kila shabiki anajiona. Alitoka JKU ya Zanzibar akaingia Yanga mwaka 2018 akiwa na miaka 20. Desemba 2022 akatangaza kuondoka, akaweka kwenye akaunti ya klabu shilingi milioni 112 akisema mkataba unamruhusu kujinunua. Yanga wakazikataa, Shirikisho la mpira, TFF, likaamua kuwa bado ni mchezaji wao, na kijana akakaa nje ya uwanja nusu ya msimu, ile nusu ambayo Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mwisho Rais Samia Suluhu Hassan akawaomba Yanga walimalize jambo hilo, na Juni 2023 Azam wakamtangaza.

Nilikuwa miongoni mwa waliomlaumu. Mimi ni Yanga toka utoto na sikuona kingine ila jezi. Leo, nikiwafikiria makinda wetu wawili, naona jambo ambalo wakati ule lilinipita. Feisal alikuwa na karatasi. Aliweza kuisoma, kuibishia, kupeleka watu mezani, na hata aliposhindwa alishindwa mbele ya kamati yenye anwani. Mtoto wa miaka 14 wa Mpitimbi hana karatasi. Anahamishwa kwa kauli ya watu wazima waliokaa juu ya magunia.

Sheria za FIFA zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa nchi kwenda nchi, isipokuwa kwa sababu chache. Kijiji kwenda kijiji hakuna wa kuangalia. Kijiji cha jirani si mbali kwa bodaboda, lakini kwa mguu ni mbali, na shule ya watoto hawa iko huku.

Ijumaa

Mama wa yule mshambuliaji huuza maandazi karibu na mashine. Leo alifunika beseni lake, akasogea, akasimama. Watu wakanyamaza.

"Samahanini, baba zangu na kaka zangu," alisema. "Nasikia mwanangu anakwenda. Atalala kwa nani?"

Mwalimu akaanza kueleza kuhusu mazoezi. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akarudia swali lilelile, safari hii polepole. Hakuna aliyekuwa na jibu. Siku tano tumepima mguu wa kushoto na mguu wa kulia, na hakuna aliyepima kitanda.

Lililofuata lilikuwa la haraka. Ilikubaliwa kwamba makinda hawatolewi. Kiungo ataombwa kwa mkopo, kwa mashindano haya tu, na kwa upande wetu tutoe seti ya jezi za mwaka jana pamoja na magunia mawili ya mahindi. Waendesha bodaboda walinung'unika, wakisema wenzetu watakataa. Huenda. Jibu halijaja.

Niliomba nami niseme neno, na nalirudia hapa kwa sababu naliamini. Mwaka 1986 Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo kule Rungwe, walichukua ubingwa wa Bara wakiwa ndiyo kwanza wamepanda. Wachezaji wao wakatawanywa na timu kubwa, na Tukuyu ikabaki na simulizi. Majimaji yetu ya Songea, Wanalizombe wenyewe, walishuka kutoka Ligi Kuu mwaka 2018. Huku kusini tunatoa watu, halafu tunabaki kuwaona kwenye televisheni na kusema, huyu alikuwa wetu. Nani anajua kuwa alikuwa wetu? Imeandikwa wapi?

Nikawaeleza fungu la mshikamano. Mchezaji akiuzwa kwenda klabu ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawiwa timu zilizomlea, kuanzia mwaka anaotimiza miaka 12 hadi ule anaotimiza 23. Kila mwaka kati ya 12 na 15 una robo ya asilimia moja, na kuanzia 16 nusu. Mbwana Samatta alipotoka Genk kwenda Aston Villa, Januari 2020, zilitajwa pauni milioni 8.5. Robo ya asilimia moja ya hizo ni pauni 21,250, zaidi ya shilingi milioni 60 za wakati ule. Kwa mwaka mmoja wa kumlea mtoto wa miaka 12! Hiyo ni nyavu, mipira, na paa la chumba cha kubadilishia nguo, na bado inabaki.

Ila fungu hilo halifuati kumbukumbu za wazee. Linafuata usajili. Timu ambayo haikuandikishwa kwenye chama cha mpira, na mtoto ambaye hakuandikwa kwenye timu, hata awe Samatta wa kesho, hakuna senti itakayorudi barabara ya Likuyufusi. Sisi tulikuwa tukibishana bei ya watoto ambao kwenye karatasi hawapo.

Jumamosi

Nimenunua daftari kubwa la kaunta, lenye jalada gumu. Mwalimu amekubali twende Songea mwezi huu kuuliza taratibu za kuiandikisha timu, na nauli tumechangishana palepale.

Baada ya mazoezi vijana walipanga mstari pembeni ya uwanja. Jina, tarehe ya kuzaliwa, shule, siku aliyoanza kucheza hapa. Kazi nyepesi, nilidhani. Katika vijana 22, saba hawakujua tarehe zao. Mmoja alijua tu kwamba alizaliwa wakati wa palizi. Wawili wametaja miaka ambayo mwalimu alitikisa kichwa akiisikia, na nimewaachia nafasi tupu mpaka mama zao walete kadi za kliniki kesho baada ya Misa. Mshambuliaji wa maandazi, kama wanavyomwita wenzake, ndiye pekee aliyekuja na nakala ya cheti cha kuzaliwa, imekunjwa mara nne ndani ya soksi.

Tulikuwa tumekaribia kumaliza alipofika yule kiungo. Alikuja kwa baiskeli, peke yake, hakutumwa na mtu. Alisikia kuna jambo linamhusu, akataka kujua. Mwalimu akampa mpira, akacheza nusu saa na vijana wetu, na wote tuliokuwa pembeni tuliona tena kile kichwa kinachogeuka mara mbili. Ni mzuri. Ni mzuri kuliko nilivyomkumbuka.

Alipomaliza alikuja kusimama nyuma yangu, akasoma majina kwenye daftari, kidole kikishuka mstari kwa mstari.

"Mzee, na mimi niandikwe?"

Nikamwambia yeye ni wa kwao, aandikwe kwao. Akasema kwao hakuna anayeandika.

Tarehe yake aliijua, na mwaka alioanza kucheza aliujua. Nikamfungulia ukurasa wake mwenyewe mwishoni mwa daftari, na juu ya jina lake nikaandika jina la kijiji chake, si letu.